Kioo Chenye Risasi Ndani Yake

Mtu wa Tezo akianguka kutoka mnazini na kuvunjika mkono, hupelekwa mjini Kilifi apigwe picha ya eksirei. Mpiga picha humweka sawasawa, kisha hujitenga nyuma ya ukuta wenye dirisha dogo la kioo na kumwangalia kutoka huko. Wapo wanaodhani kwamba bwana huyo anamkimbia mgonjwa. Sivyo. Mgonjwa hupigwa picha moja au mbili, lakini mpiga picha huzipiga kila siku, mwaka hata mwaka, na mionzi ikizidi mwilini huweza kuleta saratani. Hapana budi ajikinge, na tena hapana budi amwone mgonjwa wake, asije akajitikisa.

Kwa hiyo kioo hicho kina kazi ngumu, maana mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, ni jamaa ya nuru yenyewe. Tofauti ni kwamba ina nguvu nyingi zaidi, hata hupenya nyama na kioo cha kawaida. Kioo chatakiwa kimpitishe ndugu mmoja na kumzuia mwenziwe.

Kioo cha kawaida hufanywa kwa mchanga safi ulioyeyushwa pamoja na chokaa na magadi, kama yale yachimbwayo Ziwa Magadi. Kipande chake chenye ukubwa wa lita moja huwa na uzito wa kilo 2 na nusu hivi. Kioo cha kuzuia mionzi hutiwa oksidi ya risasi kwa wingi, hata kipande cha ukubwa ule ule chaweza kupita kilo 5. Kila atomi ya risasi ina elektroni 82, nazo ndizo zinazoinasa mionzi. Nuru ya kawaida haina nguvu ya kuzing'oa, basi hupita, ingawa kioo huonekana cha manjano kidogo. Kioo kizito cha namna hiyo chenye unene wa milimita 7 huzuia karibu sawa na bamba la risasi la milimita 2.

Yafaa ifahamike, basi, kwamba dirisha hilo likipasuka haifai kabisa kutia kioo cha dukani. Kwa macho vyaweza kufanana, na mionzi ikipita mtu hasikii joto wala maumivu. Kazi ya kusimamia mambo ya mionzi nchini Kenya ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Mahali penye mionzi mikali zaidi kioo chenyewe huugua: elektroni hung'oka, hunaswa mahali pasipo pake, nacho hugeuka rangi ya kahawa. Dawa yake ni kutia seriamu kidogo, ambayo huziwahi elektroni hizo kabla hazijakitia doa. Seriamu imo katika madini ya kilima cha Mrima, Kwale.

Lakini risasi ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioshinda kesi mwaka 2020 juu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walijua hilo kwa uchungu. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo haimdhuru atazamaye. Shida ni wakati wa kukifanya na wakati wa kukitupa. Kwa sababu hiyo wataalamu wanajaribu bariamu na bismathi badala yake. Bismathi, yenye elektroni 83, huizidi hata risasi, ila kioo chake mara nyingi hutoka na rangi nzito, na dirisha la giza halimfai mpiga picha.