Kasisi wa Mlima Kenya na Makundi Yake Mawili

Ngome ya Waingereza ilijengwa Nyeri mwaka 1902. Mwaka uliofuata A. W. McGregor wa CMS, misheni ya Kianglikana, alifungua kituo Weithaga, Murang'a. Kile cha Kahuhia kikafuata 1906. Serikali na Injili zilifika mlimani karibu pamoja, na hapo ndipo ugumu wa kazi ya kasisi wa Kianglikana ulipoanzia: walowezi waliochukua ardhi walikuwa kundi lake, na walionyang'anywa walikuwa kundi lake pia.

Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dk. John Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika kuulalamikia. Lakini tuangalie walichokipinga hasa. Walikataa shuruti iliyojificha; kazi ya lazima yenyewe walikuwa tayari kuikubali, mradi sheria iitaje waziwazi na kuiwekea mipaka. Askofu Frank Weston wa Zanzibar ndiye aliyeikataa katakata, na naona yeye ndiye aliyesimama palipostahili. Kijana wa Othaya aliyeondolewa shambani kwa baba yake angefaidi nini kwa kuondolewa kisheria?

Hata hivyo, Kanisa la vijijini halikubebwa na maaskofu. Lilibebwa na mwalimu Mwafrika, aliyefundisha watu kusoma na kuwaongoza katika sala, huku kasisi Mzungu akipita mara mojamoja kubatiza na kutoa Ushirika Mtakatifu. Mgogoro wa tohara ya wasichana ulipolipuka 1929, mwalimu huyo ndiye aliyebanwa kati ya misheni iliyoipinga na ukoo wake ulioishikilia. Wengi walitoka katika misheni, shule huru zikaanzishwa. Wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza ukaja mtihani mzito zaidi: wapo Wakristo wa vuguvugu la uamsho waliokataa kula kiapo, wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, na baadhi wakauawa.

Mgeni wa Nyeri hupelekwa kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Nashauri ateremke pia hadi Murang'a, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Wafiadini Wote, ambamo Elimo Njau alichora ukutani maisha ya Yesu katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu. Huko Murang'a ndiko alikokuja kuwa askofu kasisi Mkikuyu Obadiah Kariuki: aliwekwa wakfu mwaka 1955, vita vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1961 akakabidhiwa dayosisi mpya ya Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo.