Ujangili wa chini ya udongo

Kwa mtu wa Bunda, hifadhi ni wanyama. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, na mtoto wa huko hukua akijua kinacholindwa ndani ni nyumbu, simba na tembo. Jangili naye anamjua: ni mwenye nyaya za kutegea au bunduki. Ndiyo maana habari za Kitulo humshangaza mkazi wa Mara anapozisikia mara ya kwanza. Kule Makete, kwenye uwanda wa juu wenye baridi kali, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 412.9, na watu huiita Bustani ya Mungu. Inahesabiwa kuwa na aina 350 hivi za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi.

Ilihitaji kulindwa kwa sababu okidi zake zilikuwa zinaliwa. Si hapo hapo Makete, bali Zambia, ambako viazi vya okidi hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Viazi hukaushwa, hutwangwa, unga wake huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha huchemshwa mpaka ushikane. Makaa huwekwa juu ya kifuniko cha sufuria ili uive pande zote. Ukipoa hukatwa vipande kama keki na kuuzwa sokoni. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini. Miji ilipokua, kikawa kitafunwa cha mjini, na okidi za Zambia zikaanza kuadimika. Wafanyabiashara wakageukia upande wetu, kupitia mpaka wa Tunduma.

Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavushwa kila mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa zinachimbwa. Soma tena takwimu hizo ukijua kwamba kila kiazi ni mmea mzima uliong'olewa.

Ukiifukua okidi ya ardhini utakuta viazi viwili vimeshikamana. Kimoja ni cheusi na kimenyauka: ndicho kilichotoa chakula cha shina na ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na cheupe: hicho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka hicho cheupe, na akishakichukua hakuna mwaka ujao. Wala hawezi kurudishia kwa kupanda mbegu, kama afanyavyo mkulima wa mahindi. Mbegu za okidi ni ndogo mno, upepo huzibeba, na ndani yake hamna chakula cha kuuanzisha mche. Lazima zikutane udongoni na kuvu wa aina inayofaa, naye ndiye huulisha mche. Zinazobahatika ni chache, na hizo nazo huchukua miaka kabla ya kutoa ua. Mtu mwenye jembe humaliza kazi hiyo yote kwa dakika moja.

Sioni haki kumtupia lawama zote mwanakijiji mwenye jembe. Alichimba kwa sababu mnunuzi alikuja mpaka mlangoni na fedha taslimu, na hela ya ada ya shule haisubiri. Lawama yangu kubwa ni kwetu tuliozoea kuona ujangili pale tu panapomwagika damu. Tanzania ilijiunga na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1979, na okidi zote zimo katika orodha za mkataba huo. Kiazi kinachovuka mpaka bila kibali ni nyara, kama pembe ya ndovu ilivyo nyara. Lakini mfuko wa viazi vilivyokauka haumshtui mtu kituo cha basi.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kagera, wakulima wanaishi kwa okidi wasiyoing'oa: vanila. Wao huchuma maganda na kuuacha mmea uendelee kuzaa. Maua yake huchavushwa kwa mkono, kwa mbinu aliyoigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Kwa hiyo okidi inaweza kumlisha binadamu na ikabaki hai, mradi kinachovunwa ni tunda.

Zipo pia okidi zisizogusa ardhi kabisa. Hukaa kwenye mashina na panda za miti mikubwa. Hazinyonyi mti, zinachohitaji ni gome lililokomaa, kivuli na unyevu. Mti ukigeuzwa mkaa, nazo zimekwisha, hata kama hakuna aliyezigusa. Hapo ndipo naiona thamani ya misitu kama Muhunda pale Butiama, ambao Wazanaki wameuheshimu kama makao ya mzimu wao. Heshima hiyo ilizuia shoka bila askari wala uzio, na mti ulioachwa uzeeke ndio unaoweza kubeba okidi.

Butiama sasa ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Ningependa wanafunzi wake watumwe Muhunda na kwenye Mlima Chamuriho kule Bunda, wakiwa na wazee wanaoijua mimea kwa majina ya kienyeji, waorodheshe okidi zote watakazozikuta na mti uliozibeba. Waende msimu wa mvua, zikiwa na maua, na kila kiazi wakiache udongoni.