MAFUTA YA TUMBONI NA KANSA YA UTUMBO MPANA



Kwetu, kuanzia Uvira na Bukavu hata huku Kamembe, mwenye kitambi husifiwa kwamba mambo yake ni mazuri. Waliopitia njaa wana sababu ya kufikiri hivyo. Hatuandiki ili mtu achekwe. Tunaeleza jambo lililothibitishwa mwaka 2016 na shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani: mafuta yakizidi mwilini yanaongeza hatari ya kupata kansa ya utumbo mpana.

UTUMBO MPANA NI NINI?

Ni sehemu ya mwisho ya matumbo, yenye urefu wa karibu mita moja na nusu. Hapo maji hunyonywa na mabaki ya chakula huwa choo. Kansa yake mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya ukuta wa utumbo. Hakiumi. Huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka kansa.

MAFUTA YANAFANYA NINI?

Mafuta ya mwili si mzigo uliolala tu. Hutoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu.

1. Leptini. Iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba inatosha, tuache kula. Mtu mnene ana leptini nyingi, lakini ubongo wake hauisikii tena vizuri. Seli za kansa ya utumbo ndizo zinaisikia. Katika majaribio ya maabara, leptini huzifanya ziongezeke, zisife upesi, na zipenye sehemu za jirani. Pia husaidia kuota mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe.

2. Adiponektini. Hii nayo hutoka kwenye mafuta, lakini katika maabara huzuia seli hizo zisikue. Ajabu ni kwamba mafuta yakizidi, yenyewe hupungua. Mwili unapoteza mlinzi wake.

3. Insulini. Hutoka kwenye kongosho ili sukari iingie katika seli. Mafuta ya tumboni huufanya mwili uwe mzito kuitii, na kongosho huitoa kwa wingi zaidi. Insulini nyingi huziambia seli zikue, hata zile mbaya.

Damu ya utumbo hupitia kwanza kwenye ini. Ndiyo maana kansa hii ikisambaa, mara nyingi huonekana kwanza huko.

JE, WEMBAMBA WAMEPONA?

Hapana. Umri mkubwa, ugonjwa huo katika ukoo, pombe, tumbaku na nyama za viwandani kama sosiji pia huongeza hatari. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba kansa hii ilikuwa adimu vijijini Afrika, kwa watu waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Leo tunakula mandazi, sukari na mafuta zaidi, na kambini mtu hana shamba la kulima, anakaa.

DALILI

Damu kwenye choo, kufunga choo au kuhara kusiko kwa kawaida kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo, kupungukiwa damu, kukonda bila sababu. Aliyekuwa mnene akaanza kukonda bila kujaribu asifurahi, aende kupimwa.

Hapa ndipo wengi wanachelewa. Kwetu damu kwenye choo huitwa amiba, na mara nyingi ni kweli ni amiba au kuhara damu. Lakini ukitibiwa na damu ikarudi, usinunue tena dawa ileile dukani. Mwambie muuguzi wazi: "Nimetibiwa, damu bado." Omba kupelekwa mbele: kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya Gihundwe au Mibilizi, na ikibidi hospitali ya rufaa, ambako utumbo unaweza kutazamwa ndani kwa kamera. Rwanda ina kituo cha kansa cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012. Kansa ikigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuiponya.

TUFANYE NINI?

- Bugali upungue kidogo, maharage, sombe na lengalenga viongezeke.
- Punguza mafuta ya kukaanga, sukari na pombe.
- Tembea kwa haraka nusu saa kila siku. Hata kabla ya kupunguza kilo, mwendo huufanya mwili uitii insulini.
- Pimwa uzito. Mtu wa sentimita 160 akifikia kilo 77, uzito wake umezidi sana.
- Wajawazito, watoto na wagonjwa wasijinyime chakula bila ushauri.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa kambi. Usione haya kusema habari za choo, wao wamezizoea.