Kumjaribu Nzi wa Ndoana

Sisi tuliolelewa Jinja twajua kuvua kwa mshipi tangu utoto, na chambo chetu ni mnyoo wa udongo. Ufundi huu ni wa zamani. Bwana Speke alipofika penye maporomoko ya Ripon mwaka 1862 aliwakuta Wasoga na Waganda juu ya mawe, wakivua kwa fimbo na ndoana. Maporomoko yale yalifunikwa na maji mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, lakini uvuvi haukwisha. Huku Mbale ninakosoma, ukipanda Mlima Elgon, yuko samaki mwingine ambaye huvuliwa kwa werevu wa namna nyingine: hudanganywa kwa manyoya. Nataka kuwaeleza wenzangu jinsi chambo hicho kinavyotengenezwa, na zaidi jinsi kinavyojaribiwa, maana watengenezaji ni wengi kuliko wajaribuji.

Samaki huyo aitwa trauti, naye si mwenyeji wetu. Trauti wa kwanza wa Kenya waliletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika Mto Gura mwaka 1905. Wale wenye utepe mwekundu ubavuni asili yao hasa ni mito ya Amerika inayoingia Bahari ya Pasifiki. Baadaye trauti walitiwa katika vijito vya Elgon pia. Hupenda maji ya baridi, safi, yaendayo mbio na yenye hewa nyingi. Maji yakifika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, wengi hufa. Basi hawezi kukaa nasi Jinja.

Chakula chake ni wadudu. Ukiinua jiwe kijitoni utawaona wadudu wadogo weusi au wa kahawia, wenye mikia kama nyuzi. Hao hukua majini, kisha hupata mabawa na kuruka. Trauti husimama akielekea maji yatokako, akingoja mkondo umletee riziki. Kwa sababu hiyo mvuvi humwendea kwa nyuma, kutoka upande wa chini.

Kumdanganya samaki kwa manyoya si jambo geni duniani. Yapata miaka 1,800 iliyopita, mwandishi Aelian alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo juu ya ndoana. Siku hizi mafundi wa Kenya hufunga nzi wa namna hiyo kwa mikono, nao huuzwa mpaka Ulaya na Marekani.

Nzi wangu nilimtengeneza hivi. Nilichukua ndoana ndogo, nikaibana katika mwanya wa ubao. Uzi wa kushonea niliupaka nta ya nyuki ili ushike. Kiwiliwili nilikifanya kwa sufu nyeusi iliyofumuliwa kutoka fulana kuukuu. Kisha nikachukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo mwekundu, nikauzungusha mara tatu karibu na tundu la ndoana, nyuzi zake zikasimama pande zote kama miguu ya mdudu. Nilimaliza kwa fundo na tone la vanishi.

Jaribio la kwanza lilikuwa katika bakuli la maji. Nilimloweka saa nzima, kisha nikamvuta kwa nguvu. Nilitazama mambo matatu: kama uzi umelegea, kama manyoya yamelala, na kama nzi azama au aelea. Wangu alizama polepole, kama mdudu aliyebebwa na maji. Lakini bakuli halina samaki. Hukumu ya kweli iko kijitoni.

Wakati wa likizo mimi na rafiki yangu tulikwenda Bukwo, katika nchi ya Wasebei, penye kijito kinachoingia Mto Suam. Tuliomba ruhusa kwanza. Tulikuwa na fimbo moja ya mwanzi, mshipi umefungwa nchani, na nzi wawili: wangu, na mmoja wa dukani wa ukubwa ule ule. Kanuni yetu ilikuwa hii: tumtupe nzi mmoja mara kumi, kisha mwenziwe mara kumi, mahali pale pale, kwa mkono ule ule. Rafiki yangu aliandika kila kitu daftarini. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alitutazama, akacheka. “Mwanangu,” aliniambia, “samaki gani ale manyoya?” Nikamjibu, “Mzee, hilo ndilo tulilokuja kuuliza.”

Tulianza chini, kati ya mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Tulitupa mara 40 kwa kila nzi, wala hakuna samaki aliyegusa. Hapa ndipo nilipoiona faida ya kuwa na nzi wawili. Ningalikuwa na wangu peke yake, ningalimlaumu bure. Lakini yule wa dukani naye alishindwa, basi tukashuku maji.

Tukapanda juu, hata penye miti mingi na mianzi kandokando. Huko maji yalikuwa maangavu, na mawe yalionekana chini. Tulitupa tena mara 40 kwa kila mmoja. Nzi wa dukani aliumwa mara tatu, wangu mara nne. Trauti wawili tuliwatoa nje. Tulipompasua mmoja tulikuta tumboni wadudu weusi wa chini ya mawe.

Je, nzi wangu ni bora? Siwezi kusema hivyo. Tofauti ya mara moja yaweza kuwa bahati tu. Nisemalo ni kwamba siku ile hakuonekana kuwa duni, naye alinigharimu ndoana tu.

Lakini daftari lilitufunza jambo kubwa kuliko nzi. Kijito ni kile kile, na siku ni ile ile; kilichobadilika ni kingo zake. Pale miti ilipobaki, mizizi hushika udongo na kivuli huyapoza maji. Pale palipolimwa mpaka ukingoni, mvua huusukuma udongo mtoni. Udongo huo huziba nafasi chini ya mawe walimo wadudu, na samaki aonaye kwa macho hawezi kuona chakula. Watu wa chini huteka maji hayo hayo ya kunywa. Kuacha ukanda wa miti na majani kando ya kijito ni faida ya mtu kabla ya kuwa faida ya samaki.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukitengeneza chambo, au ukichagua mbegu au mbolea ya bustani ya shule, usikijaribu kitu peke yake. Kiweke karibu na kingine, ubadili jambo moja tu, uhesabu, uandike. Kisha ukubali jibu, hata kama si lile ulilolitamani.