Somo la Uraia: Mkutano wa Kijiji na Daftari la Mkaa

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, kisha aongoze mazungumzo kwa maswali yaliyo mwishoni.)

Nawaamkia ninyi mlioko Kilosa mjini, karibu na mto Mkondoa. Nawaamkia ninyi wa Ulaya na Msimba, nanyi wa Mikumi, penye njia panda ya kwenda Ifakara. Tafadhali kila mtu awe na daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu.

Somo letu ni juu ya raia wanaoshirikiana kusimamia mambo yao wenyewe. Liko neno moja ambalo mtalisikia mara nyingi: asasi ya kiraia. Mwalimu, liandike ubaoni. Asasi ya kiraia ni chama au kikundi ambacho watu wamekiunda wenyewe kwa hiari yao. Si ofisi ya Serikali, wala si duka la mtu la kutafuta faida. Chama cha kuzikana ni mfano mmoja. Kikundi cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana ni mfano mwingine. Mwaka 1993, hapa mkoani Morogoro, wakulima wachache waliunda mtandao wao uitwao MVIWATA, yaani Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Leo mtandao huo una wanachama katika mikoa mingi.

Je, watu wana ruhusa ya kuungana hivyo? Naam, wanayo. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 20, yampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake, kutoa mawazo yake, na kujiunga na chama.

Sasa wako watu wadhanio kwamba raia akiuliza juu ya mali ya kijiji, anagombana na Serikali. Hilo si kweli. Katika kijiji, wakubwa wa shauri ni ninyi wenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yasema kuwa Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Tena, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kuwa Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Kwa hiyo anayeuliza mkutanoni hakumvunjia mtu heshima. Ametimiza kazi yake.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu, nao ni mkaa. Ninyi wa Mikumi mmeyaona magunia ya mkaa barabarani, yakingoja magari ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Zamani mkaa mwingi ulitoka katika misitu ya vijiji bila mpango. Mchomaji alikata mti popote, mnunuzi akapakia, na kijiji kikabaki na visiki. Faida ilikwenda mjini.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi, kuisimamia, na kupata mapato yake. Basi, kuanzia mwaka 2012 hadi 2019, asasi mbili zilifanya kazi na vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kilosa, kama vile Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Msimba. Asasi moja ni Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, na ya pili ni MJUMITA, yaani Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa watu wa Uswisi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza kijiji kilipima mipaka yake na kupanga matumizi ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Watu wa Kilosa wajua uzito wa jambo hili. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa. Ugomvi ule ulikuwa na sababu nyingi, lakini ardhi na malisho vilikuwa ndani yake.

Pili, sehemu ya msitu ilitengwa kwa mkaa, nayo ikagawanywa katika vipande vya mita 50 kwa mita 50. Kipande kimoja huvunwa, na cha jirani huachwa, kama viraka vya rangi mbili katika nguo. Visiki vya miombo huachwa vichipue, na kipande kilichovunwa hupumzishwa kwa miaka 24. Miti iliyo karibu na maji au kwenye mteremko mkali haikatwi.

Tatu, kila mnunuzi alilipa ushuru kwa kijiji. Kwa fedha hizo vijiji vilijenga madarasa na ofisi, na vingine vikatengeneza maji. Tena waliopanga matumizi ya fedha ni wanakijiji wenyewe mkutanoni.

Lakini, ndugu zangu, penye fedha pana majaribu. Hapa ndipo kalamu yenu inapotakiwa. Tuseme kuna kijiji, si cha mtu yeyote, ni cha somo letu tu. Kamati ya Maliasili yasema kuwa katika miezi mitatu magunia 200 yalitoka msituni. Ushuru wa kila gunia ni shilingi 5,000. Je, kijiji kilipaswa kupata shilingi ngapi? Fanyeni hesabu.

Naam, 200 mara 5,000 ni shilingi 1,000,000. Sasa karatasi ya mapato iliyobandikwa ofisini yasema shilingi 700,000. Toeni: upungufu ni shilingi 300,000. Mama mmoja aliyejifunza kusoma darasani kama ninyi ameiona karatasi hiyo. Afanye nini?

Asipige kelele kwamba mtunza hazina ni mwizi. Huenda wanunuzi wengine hawajalipa. Huenda stakabadhi hazijaandikwa daftarini. Huenda pia fedha zimeliwa. Yeye hajui bado. Basi asimame mkutanoni, aseme hivi: “Ndugu Mwenyekiti, magunia ni 200, ushuru ni 5,000, fedha iliyoandikwa ni 700,000. Naomba tuelezwe iliyobaki, shilingi 300,000, iko wapi. Tena naomba swali langu liandikwe katika muhtasari wa mkutano.”

Angalieni alivyofanya. Hakumtukana mtu. Ametaja hesabu ambayo kila mmoja aweza kuihakiki. Ametaka swali liandikwe, maana neno lisiloandikwa husahauliwa. Tena afadhali asiende peke yake. Akiwa na wenzake watano wa kikundi, ni vigumu kumnyamazisha.

Sitawaficha: mtu anayeuliza aweza kuchukiwa. Wako watakaosema, “Huyu ametumwa.” Wako watakaoacha kumsalimu. Ndiyo sababu twasema raia waungane. Jibu lisipopatikana, wanakijiji waandike barua kwa Afisa Mtendaji wa Kata, wabaki na nakala yake. Huko nako wasipojibiwa, wamwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya. Barua iwe na tarehe, hesabu, na majina ya walioandika.

Tena kumbukeni: asasi nayo huulizwa. Shirika likija kijijini kwa jina lenu, liulizeni limeleta fedha kiasi gani, na kwa kazi gani. Viongozi wa kikundi chenu cha akiba nao wafungue daftari. Mtu hawezi kudai uwazi kwa mwenzake huku kwake giza.

Liko jambo ambalo kijiji kimoja hakiliwezi. Mwaka 2019 Serikali ilitoa kanuni mpya za uvunaji wa mazao ya misitu, na vijiji vilipaswa kufuata masharti mapya. Kanuni hizo ni za nchi nzima. Kijiji kimoja kikitaka kusema maoni yake, sauti yake haifiki mbali. Vijiji vingi vikisema pamoja katika mtandao, vyaweza kupeleka wajumbe mpaka Dodoma. Hiyo ndiyo faida ya mtandao kama MJUMITA.

Nchi nyingine nazo zimepita njia hii. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Bibi Wangari Maathai, aliyeanzisha chama cha kupanda miti mwaka 1977 pamoja na wanawake wa mashambani. Walianza na vitalu vya miche. Baadaye walisimama kutetea misitu na viwanja vya watu wote, na yeye mwenyewe alipigwa na kutiwa ndani. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Basi, kazi ya nyumbani ni hii. Kabla ya darasa lijalo, nendeni ofisi ya kijiji chenu, wawili wawili. Tazameni kama karatasi ya mapato na matumizi imebandikwa. Ikiwapo, isomeni na kunakili mistari mitatu. Kama haipo, ulizeni kwa adabu itabandikwa lini, mkaandike jibu mtakalopewa. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA
Asasi ya kiraia: chama kilichoundwa na raia wenyewe kwa hiari.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyosemwa na kukatwa mkutanoni.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha kwamba fedha zimepokewa.
Nakala: karatasi ya pili yenye maneno yale yale.

MASWALI YA MAZUNGUMZO
1. Nani ana haki ya kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji?
2. Magunia 150 yametoka msituni, na ushuru wa gunia ni shilingi 4,000. Kijiji kipate shilingi ngapi?
3. Kwa nini yule mama hakusema kwamba mtunza hazina ni mwizi? Je, alifanya vema?
4. Katika kijiji chenu, watu gani hawasemi mkutanoni? Ni nini kinachowazuia, na darasa hili laweza kuwasaidiaje?