Neno "Common" na Ardhi ya Wote: Funzo la Hanang

Lugha haiko nje ya maisha ya watu. Maneno huzaliwa katika kazi na mapambano yao, na kila tabaka huyatumia kwa maslahi yake. Neno la Kiingereza "common" ni mfano ulio wazi. Katika makala hii tutaeleza asili na maana zake, na kuonyesha jinsi maana hizo zinavyohusu ardhi ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Asili yake ni neno la Kilatini, communis. Neno hilo lina sehemu mbili: ya kwanza ina maana ya "pamoja", ya pili ina uhusiano na munus, yaani wajibu au kazi. Kwa hiyo maana ya awali si kitu kisicho na mwenyewe, bali ni kitu ambacho watu hukitumia pamoja na kuwajibika kwacho pamoja. Lilifika Uingereza kwa njia ya Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Neno "ukomunisti" nalo limetoka katika shina hilohilo.

Huko Uingereza neno hili lilipata sura mbili. Sura ya kwanza ni ya ushirika, kama tunaposema Soko la Pamoja. Sura ya pili ni ya dharau. Katika jamii ya makabaila, asiye na cheo aliitwa "common", na ndiyo maana sisi huliita baraza moja la Bunge lao Baraza la Makabwela. Mwishowe neno likabeba pia maana ya kitu duni.

Sura hizo mbili zilikutana katika ardhi. Malisho na misitu ambayo wanavijiji walikuwa na haki ya kuitumia iliitwa kwa neno hilo. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ardhi hiyo ua. Wenye nguvu walijimilikisha. Wanyonge wengi wakabaki vibarua. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibika. Alichukua neno, akaacha wajibu uliomo ndani yake.

Sasa tutazame Hanang. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, walikuwa na taratibu zao za ardhi. Haki zilikuwa za ngazi tatu: za jamii nzima, za ukoo, na za kaya. Mifugo ilihama kwa majira, na mikutano ya wazee iliamua migogoro. Hayo hayakuwa malisho yasiyo na mwenyewe.

Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano katika nyanda za Basotu, jumla yake ekari 100,000 hivi. Malisho bora yalilimwa, pamoja na mahali penye makaburi ya wazee. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kisheria. Matumizi ya vizazi hayakutosha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya pamoja ya kijiji, na inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Hiyo ni hatua kubwa, lakini sheria haijilindi yenyewe. Inalindwa na mkutano mkuu wa kijiji unaojua mipaka yake na kudai maelezo kabla ya kukubali.

Kwa hiyo, kila tunaposikia kwamba eneo fulani ni "la wote", tuulize maswali mawili. Wote hao ni akina nani? Na wajibu wa kulitunza ni wa nani? Pasipo majibu, neno "wote" hugeuka kuwa "hakuna mtu", na ardhi isiyo ya mtu haikosi wa kuichukua.