Mafundi wa Mbugangari na Kichwa cha Injini

Mgeni afikaye Mbugangari, mtaa wa Gisenyi ulio jirani kabisa na mji wa Goma, husikia Kinyarwanda sokoni na Kiswahili gerejini. Na mwenye kulistaajabia jambo hilo yampasa akumbuke kwamba lugha ya pwani na dini ya Kiislamu ziliingia Rwanda zikiwa zimeshikana mikono, pamoja na wachuuzi na askari waliofuatana na Wajerumani, na ya kuwa baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, ilhali karibu shule zote zilikuwa za misheni, watoto wengi wa Waislamu walibaki nje ya elimu hiyo, wakashika biashara, udereva na ufundi wa magari. Sheria ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, gerejini hapakuwa na la kubadilisha.

Nchi yenyewe huwaletea mafundi kazi. Barabara itokayo Kigali kwa njia ya Musanze hupanda na kushuka milima mingi, na Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Gari kuukuu lenye rejeta iliyoziba haliwezi kuuvumilia mlima kama huo. Chukua mathalani Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966: bloku yake ni ya chuma cha kusubu, walakini kichwa chake ni cha alumini, madini yanayotanuka kwa joto kiasi cha mara mbili ya chuma hicho. Kwa kuwa kimefungwa kwa bolti na hakina pa kutanukia, kikizidiwa na joto hujipinda. Gasketi huungua, maji huingia katika oili, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo adabu ya kazi inapodhihirika, nami nathubutu kusema kwamba wanaouona ufundi wa mtaani kuwa ni ujanja mtupu hawajapata kukaa wakatazama. Fundi mwenye staha hafungui kichwa kingali na moto, wala haanzi na bolti za katikati. Hulegeza za ncha kwanza, kidogo kidogo, akielekea ndani, ili asikipinde zaidi. Akisha kukisafisha humwita mwenye gari, huilaza rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari, na kuingiza chini yake visahani vyembamba vya kupimia nafasi. Kisahani cha milimita 0.05 kisipopita, kichwa ni kizima, cha 0.10 kikipita, hapana budi kuchongwa. Mwenye gari hukisukuma kisahani kwa kidole chake mwenyewe. Ndipo yazungumzwe ya ijara, kwani kutaja bei kabla ya kipimo ni jambo la kumvunjia mtu heshima.

Aliyejaaliwa kuwa na mashine ndogo ya kuchonga chuma uani kwake ana mtihani mwingine. Kichwa cha silinda nne hukaribia nusu mita kwa urefu, na meza ya mashine ya nyumbani aghalabu haikitoshi. Akichonga nusu, akageuza, akachonga nusu ya pili, panabaki ukingo mwembamba katikati, na ukingo huo ndio utakaovujisha maji. Tena mhimili unaoshika kisu ukiinama japo kwa unywele, kisu huacha uso wenye bonde. Kwa hiyo hufunga saa ya kupimia kwenye mhimili, huuzungusha kwa mkono juu ya meza, na kurekebisha mpaka mshale utulie pande zote. Kazi hiyo yaweza kumla asubuhi nzima, na kuchonga kwenyewe kukawa kwa muda mfupi tu. Hufunika kila tundu la maji na la oili kwa kitambaa, maana vumbi la mawe meusi ya volkano halina simile. Asiye na mashine hutandika msasa juu ya kioo kinene na kukisugua kichwa kwa mikono miwili. Kwa upindo mdogo kazi hiyo hufaa, ingawa wenye mashine hupenda kuicheka.

Mwanagenzi huanza kwa kuosha vyuma na kupanga bolti, na halipwi zaidi ya chakula na posho. Pwani ya zamani aliyehitimu alimpa mwalimu wake kilemba, na kwa maoni yangu ilikuwa desturi nzuri kuliko cheti.

Kichwa nacho kina mwisho wake. Kila kinapochongwa hupungua unene, mbano wa silinda huongezeka, na valvu hukaribia pistoni. Fundi mwaminifu hukataa kukichonga kilichokwisha kupita kadiri ya kiwanda, hata mwenye gari akilia. Kikifaa, hurudishwa na gasketi mpya, bolti zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Magari ya hirimu ya Peugeot 404 hutakiwa kurudi baada ya kilomita mia kadhaa ili bolti zikazwe upya, na mara hiyo ya pili fundi mzee haombi kitu. Vijana wa siku hizi wapo wanaotoza.